Mgongo wa Namba Tisa

Msimulizi wa habari hii anaapa, mbele ya yeyote atakayetaka kushuhudia, kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Hakuongeza chumvi hata punje. Mahali ambapo mambo yataonekana yamekolea mno, yalikuwa yamekolea hivyo hivyo yeye alipoyakuta.

Palikuwa na dobi mmoja ambaye watu walimwita Mstari. Jina hilo alilipata kwa sababu ya suruali. Suruali ikitoka mikononi mwake, ule mstari wa mbele ulisimama wima hata ungeweza kukatia mkate, na siku moja nzi alitua juu yake akaondoka akichechemea. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu za kutundikia, na katikati, kama bwana harusi, mashine ya kupigia pasi kwa mvuke. Alikuwa ameinunua baada ya miaka kumi na mmoja ya pasi ya mkaa, na ndiyo iliyowasomesha wanawe wawili mpaka wakaenda kuanza maisha yao.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila nguo iliyoingia ilishonewa kipande cha kitambaa chenye namba. Namba zilianza upya na moja kila asubuhi, kwa hiyo rangi ya uzi ndiyo iliyotaja siku: mwekundu ni Jumatatu, wa bluu ni Jumanne, wa kijani ni Jumatano, na kuendelea. Majina hakuyataka kabisa. Mtaani mlikuwa na wanaume wanne wenye jina moja na wote walivaa mashati meupe. "Jina ni la kuitia mtu," alizoea kusema, "nguo inajulikana kwa namba." Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kupoteza hata soksi.

Mgongo ulimpata siku ya mablanketi ya bweni la wanafunzi. Aliinua beseni lenye mablanketi manne yaliyolowa, akasikia kitu kimefyatuka kiunoni kama kifungo kinachokatika. Tangu hapo maumivu yakawa yanateremka kama maji bombani: kiunoni, tako la kushoto, paja, mpaka kwenye kigimbi. Alimeza vidonge, akachuliwa mafuta, akapiga pasi huku amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wiki ya saba alikwenda zahanati. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimchunguza kwa muda mrefu, akamwandikia kipimo cha MRI. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe anakwenda likizo ya wiki tatu, na kwamba majibu yakitoka asiyasome peke yake. Amsubiri wayasome pamoja. Mstari aliitikia kwa heshima zote, kama watu wanavyoitikia wakiwa na lao moyoni.

Alipimwa siku ya Jumanne, katika hospitali kubwa ya mjini. Alilazwa ndani ya lile bomba linalogonga kama mafundi wa mabati, akatoka, akapewa kadi yenye namba tisa. Ijumaa alirudi kuchukua majibu. Mhudumu wa dirishani alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega. Alipokea kadi, akavuta bahasha kubwa ya kaki yenye tisa iliyoandikwa kwa kalamu nene, akaisukuma nje ya dirisha. Mstari akaiona ile tisa, akaridhika. Jina lilikuwapo, pembeni juu, kwa herufi ndogo za mashine. Hakulisoma. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kutosoma majina.

*

Majibu yalisomwa jioni hiyo hiyo, na aliyeyasoma ni shemeji, kaka wa mke wa Mstari, fundi baiskeli na mtu wa kujua kila jambo. Alikaa kwenye kiti cha wateja kilicho karibu na mlango, akatoa karatasi, akaruka ukurasa wa kwanza. Alisema huko juu ni mambo ya ofisi tu, lililo muhimu huwekwa mwisho. Yalikuwa maneno ya kidaktari, ya lugha ngumu, akayatafsiri moja moja kwa msaada wa simu yake. Pingili zimechakaa. Diski tatu zimekauka. Mbili zimetokeza. Njia ya neva imekuwa nyembamba. Neva ya upande wa kulia imebanwa.

"Diski ndiyo nini?" mke wa Mstari aliuliza.

"Zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma. Za mumeo zimekauka," msomaji alisema, akivua miwani. "Baiskeli ikifika hapo huitengenezi. Unaing'oa vipuri."

Mke alimwambia achunge maneno yake. Lakini Mstari alikuwa amekwisha kulisikia neno moja, na mengine yote yalipita juu yake. Kuchakaa. Katika kazi yake neno hilo halikuwa na mjadala. Shati lililochakaa hulikamui; ukilikamua unabaki na vipande viwili mkononi. Unaliinua kwa viganja, unalitandaza kivulini, na mwenyewe akija unamwambia kwa upole asilirudishe tena.

Basi na yeye akajitandaza kivulini.

Godoro liliwekwa chini, nyuma ya pazia linalogawa chumba cha kazi na cha kulala. Tangu siku hiyo hakuinama, hakujipinda, hakuinua hata kikombe kilichojaa. Mkewe ndiye aliyemvisha suruali, yeye akitazama darini kama mtu anayehesabu mabati. Alipotaka kwenda msalani alimshika begani na kuburuza miguu, na hatua kumi na nne za ukumbini ziliwachukua muda ambao zamani ungemtosha kupiga pasi shati zima, pamoja na kola. Mke hakulalamika. Alimrudisha, akamlaza, akaenda kushika mashine.

Mashine ilimkataa. Ilikuwa na mkono wake, na mkono wenyewe ulikuwa wa Mstari. Mteja mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua suruali, akaikunjua mbele ya watu na kusema, si kwa ubaya, "Mama, hii naona ina barabara mbili." Wengine walicheka. Nyuma ya pazia Mstari alifumba macho.

Wateja waliokuja kumpa pole walimwumiza zaidi. Walisimama na mke wake mezani wakanong'ona kwa sauti inayosikika nyumba ya tatu. Mmoja alisema jamaa yule alikuwa mchapakazi sana. Mwingine akaongeza kwamba alikuwa na roho nzuri pia.

"Nipo bado," Mstari aliwaambia kutoka kule chini.

Walichukua nguo zao haraka, wakaondoka.

Wiki ya pili mguu wa kulia nao ukaanza. Ulianza kwa ganzi kidogo nyuma ya paja, kisha ukaungana na ule wa kushoto kama ndugu waliopatana. Mstari hakushangaa. Si karatasi ilisema kulia? Alimweleza mkewe kwamba ugonjwa unafuata ratiba yake, na kwamba kitakachofuata ni kitu ambacho hataki kukitaja. Kila asubuhi, kabla hajafungua macho, alijaribu vidole vya miguu kimoja kimoja kuona kama bado vinamtii.

Shemeji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alihangaika kwa namna yake. Aliulizia huku na huku, akaja na habari za hospitali moja ya mbali ambako wanang'oa diski mbovu na kutia za chuma. Gharama yake aliitaja kwa kunong'ona. Kisha akasema kuna bwana mmoja anayefulia mahoteli, na anatafuta mashine ya mvuke.

Mke wa Mstari alikuwa anakunja shuka. Alilikunja hadi likawa dogo kama bahasha, akaondoka nalo.

Jibu lake lilikuja asubuhi, wakati anamvisha mumewe.

"Daktari anarudi Jumatatu," alisema. "Tumngoje."

"Atasoma yale yale."

"Na mashine ikienda, ukirudi kutoka huko utapiga pasi na nini?"

"Nikirudi," Mstari alisema.

Alilisema neno hilo kama mtu anayeliweka mezani aliache hapo. Mkewe alimaliza kumfunga kifungo, akabaki ameinama, kichwa chake kimegusa goti la mumewe, hata akasahau kwamba alikuwa ameacha pasi imewashwa upande wa pili. Walishtushwa na harufu. Lilikuwa shati la mwalimu yule wa barabara mbili, na sasa lilikuwa na dirisha.

*

Mnunuzi alikuja Jumamosi saa nne, na vijana wawili wenye spana. Alikuwa mtu mstaarabu. Aliikagua mashine, akaisifia ilivyotunzwa, akaomba radhi kuelekea kwenye pazia, maana aliambiwa mgonjwa yuko pale. Shemeji alishika upande mmoja. Bolti ya kwanza ilikataa, kisha ikaachia kwa mlio ambao Mstari aliusikia kwenye meno. Ya pili. Ya tatu.

Wakati wa bolti ya tatu ndipo alipoingia bibi mmoja, furushi kubwa la nguo kichwani, na juu ya furushi bahasha ya kaki. Alilishusha mwenyewe, akaliweka sakafuni bila kuguna, akatazama watu wote wale na mashine iliyolegea.

"Hodi hapa. Dobi namba tisa ni yupi?"

Mke wa Mstari alimwambia kwamba leo hawapokei nguo.

"Nguo ni safari tu, nisije mikono mitupu," bibi alisema. "Nimeleta mgongo wake. Mimi ndiye namba tisa ya Jumatano. Kule dirishani wameniambia yeye ni tisa ya Jumanne, wakapekua daftari lao, wakanielekeza hapa. Nilipewa wake, na yeye nadhani anao wangu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, kama ya mtu aliyekutwa na aibu.

"Hawatumii uzi," ilisema. "Namba zinaanza upya kila siku, na hawatumii uzi."

Mkewe pekee ndiye aliyeelewa. Alikwenda kwenye rafu, akaishusha bahasha yao, na kwa mara ya kwanza akausoma ukurasa ule wa ofisi. Jina la mwanamke. Umri, miaka sabini na mmoja. Akakaa juu ya furushi la bibi wa watu.

Pazia likafunguka. Mstari alikuwa amesimama, shuka kiunoni, mkono mmoja ukutani. Kwa wiki tatu hakuwa amesimama bila kushikwa, na hata sasa hakuwa amelitambua hilo. Alikuwa anamtazama bibi, kuanzia nyayo hadi kilemba, kama anavyoitazama nguo yenye doa asilolijua.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uchi hivyo?"

"Mgongo wako hauumi?"

"Uniume kwa lipi? Niliteleza kwenye ngazi, mwanangu wa kiume akaingiwa na hofu, akanipeleka kwenye lile bomba. Kesho yake nilikuwa nimekwisha pona. Hata hayo majibu alikwenda kuyachukua kwa sababu tulishayalipia."

"Hukulala?"

"Nilale, maji anichotee nani?" Akamgeukia mke wa Mstari. "Na hiyo ya kwenu ilivyosomwa kwetu, mwanangu akasema, mama, hapa wameandika mwanamume wa miaka arobaini na saba. Nikamwambia waache, wamenionea huruma."

Mmoja wa vijana wa spana aliangua kicheko, akakimeza. Mnunuzi aliuliza kwa adabu kama waendelee na bolti ya nne.

"Rudisheni zile tatu," mke wa Mstari alisema. Hakupaza sauti.

Shemeji alikohoa, akasema kwamba labda wangefungua kwanza hiyo bahasha ya kweli, maana huenda nayo ikawa mbaya vile vile, au zaidi. Tayari alikuwa ameunyoosha mkono.

Dada yake aliichukua bahasha, akaikalia.

"Hii," alisema, "haisomi mtu humu ndani."

*

Jumatatu walikwenda zahanati watu watatu, maana bibi alisema kama mgongo wake umetembea mji mzima basi na yeye ana haki ya kujua umesema nini. Daktari alizisikiliza habari zote bila kucheka, ingawa mara mbili aliinama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kabla ya kugusa bahasha alimpandisha Mstari kitandani. Aliinua mguu mmoja, kisha mwingine. Alimgonga magoti. Alimwambia atembee kwa visigino, kisha kwa vidole, na Mstari, aliyekuwa na hakika kwamba ataanguka, alivuka chumba kizima kwa vidole huku mkewe amemnyooshea mikono kama anavyonyooshewa mtoto. Daktari aliuliza kama haja ndogo inamtoka bila kutaka, kama kuna ganzi sehemu anazokalia. Hakuna. Ndipo alipozichomeka picha mbili ukutani, kwenye sanduku la taa, bega kwa bega.

"Hebu nichagulie," alimwambia. "Ipi ni ya mtu anayeumwa?"

Mstari alizisogelea. Moja ilikuwa na pingili zilizonyooka kiasi, na mahali pamoja, chini kabisa, kitu kimechomoza. Nyingine ilikuwa kama ngazi iliyokanyagwa na mji mzima: vitu vyeusi, vilivyobonyea, vilivyotokeza kila upande. Aliinyooshea kidole hiyo ya pili.

"Hiyo ni yangu," bibi alisema kutoka kitini. "Naona jina."

Daktari alieleza polepole, akirudia palipohitajika. Kwamba ukiwapiga picha watu mia wa rika la Mstari walio wazima, wanaocheza mpira na kubeba wajukuu, wengi wao utawakuta na diski zilizokauka au zilizotokeza, na hawajui. Kwamba kadiri miaka inavyosogea ndivyo haya yanavyoongezeka, kama mvi. Kwamba aliyeandika majibu kazi yake ni kutaja kila anachokiona, na hakumwona mtu, ameona picha tu. Hajui anayeumwa ni nani wala anaumwa wapi.

"Kwa hiyo ni makunyanzi," Mstari alisema.

"Makunyanzi. Ya ndani."

"Na hayapigwi pasi."

"Hayapigwi pasi. Na nguo inavalika."

Mstari akauliza lile lililokuwa linamkereketa tangu Jumamosi, akilielekeza kwenye vidole vya miguu yake. Alitaka kujua kama basi maumivu yake yalikuwa ya kuwaza tu. Kama alilala wiki tatu anavishwa suruali na mke wake kwa ugonjwa ambao haupo.

"Sikiliza, baba," daktari alisema. "Maumivu yako ni ya kweli, yote. Ona hapa. Hii diski moja ya chini imetokeza upande wa kushoto, imeigusa neva inayokwenda mguuni. Hili ndilo linalolingana na ulichonieleza siku ya kwanza. Mara nyingi hunywea yenyewe, miezi michache. Wewe unatembea, unafanya kazi kidogo kidogo, unaongeza. Mabeseni ya mablanketi bado. Mguu ukilegea, au hayo ya haja niliyokuuliza yakitokea, hungoji kesho, unakuja mbio. Kupasua ni kwa wachache, na wewe leo si mmoja wao."

"Na huu wa kulia?"

Daktari alitazama picha, akamtazama yeye. "Wa kulia unauma tangu lini?"

Mke wa Mstari aliziba mdomo kwa kiganja. Mstari alitazama dirishani. Chumba kizima kikawa kinasubiri, na yeye hakuwa na pa kujificha, hata pazia hakuna.

"Tangu waliposoma," alisema.

"Si uongo huo," daktari alimwambia kwa ile sauti yake ya chini. "Ukiambiwa kitu kibaya juu ya mwili wako, unakaa unausikiliza. Na mwili ukisikilizwa sana unajibu. Huo mguu umeogopa, na umelala wiki tatu. Utembeze."

"Mguu wa kulia ni wangu huo," bibi alisema, akikusanya khanga yake. "Nirudishie."

Hapo mke wa Mstari alicheka. Alicheka hadi akalazimika kushika ukingo wa meza ya daktari, na kicheko kilipogeuka kikawa kitu kingine, mumewe aliinama, akainama kweli, kiuno na yote, akamwokotea kitambaa kilichomdondoka.

Iliuma. Lakini aliinuka nacho.

Siku ya kwanza mashineni alisimama dakika kumi, akatembea hadi kona ya mtaa na kurudi, akasimama kumi nyingine. Wiki ya kwanza alimaliza mashati matatu. Ya pili alimaliza suruali, na mwalimu alipokuja kuchukua yake aliikunjua mbele ya watu kama kawaida yake, akautazama mstari, akaikunja tena taratibu asijikate.

*

Msimulizi alipofika hapo alivua miwani, akangoja kusifiwa. Alikuwa anaisoma habari hii Jumamosi, palepale kwa dobi, huku akingoja suruali yake.

Mke wa Mstari alizima pasi.

"Nzuri, mzee wangu," alisema. "Sasa nieleze. Jioni ile ya bahasha, kaka yangu alikuwa wapi?"

Msimulizi alisema kumbukumbu za wazee zina matundu.

"Alikuwa safarini. Alirudi Jumapili. Kuleta mnunuzi, hilo ni lake, alishaomba radhi. Lakini aliyekaa kwenye hicho kiti ulichokalia, akaruka ukurasa wa kwanza, akavua miwani na kusema habari za vipuri, ni nani? Kaka yangu hata miwani hana."

Msimulizi alitazama miwani yake mwenyewe, aliyokuwa ameishika mkononi. Akaitia mfukoni polepole.

Mstari alikwenda uani akarudi ameshika ncha ya blanketi lililolowa, akamkabidhi. Daktari amekwisha mruhusu kukamua. Beseni ndilo bado, na blanketi halikamuliwi na mtu mmoja. Hukumu ilitolewa hapo hapo: Jumamosi kumi za kukamua mablanketi.

Hii ya leo ni ya nne. Anayebeba beseni ni msimulizi, na maji yanamwingia viatuni. Mstari anasokota kushoto, yeye anasokota kulia, na mke anawatazama kutoka dirishani akipiga pasi.

"Kaza, mzee," Mstari anamwambia.

Msimulizi anakaza.